Picha Moja ya Saa Sita

Mtaimbo ulikuwa umezama kichwani mwa Hando, na Semeni Ntandu alikuwa amechuchumaa chini yake akitafuta pembe nzuri.

Tangu asubuhi alikuwa amemzunguka marehemu mpaka magoti yakamuuma. Matone ya damu yalikuwa yamening'inia hewani, makubwa mbele, madogo nyuma, naye alipita katikati yake bila kuchafuka nguo, maana haikuwa damu bali mwanga wa damu, ulionaswa jana na unga wa kioo. Kila ukuta wa mji wa Chumvini umepakwa rangi yenye unga huo. Unaona mbele, nyuma, juu, hadi uvunguni, vyote kwa mpigo mmoja, na haumpendelei mtu. Humu ndani ya chumba cha unga tukio la jana lilisimama zima, kwa ukubwa wake halisi. Kazi ya Semeni ilikuwa kuingia ndani yake na fremu ya chuma mkononi, kuchagua, kisha kutoka na picha moja.

"Hapo hapo," alisema Kamanda Sulle. "Usisogee tena, Bi Semeni. Hapo panatosha."

Kamanda alikuwa ameegemea mlango, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Hando alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Sheria haikumruhusu kuwa chumbani humo, lakini nani angemwambia atoke? Walinzi wote wa mji walikuwa wake, na upande wa pili wa ukuta, katika mahabusu, wawili kati yao walikuwa wakimpiga kwa zamu Jingu, mwenye mtaimbo ule. Semeni aliwasikia. Mateke yalikuwa yakitua na kila moja lilifuatwa na mguno, na sasa miguno ilikuwa imeanza kuchelewa.

Akainua fremu. Kweli, palitosha. Kutoka chini namna ile Jingu alijaa picha nzima, mabega yamezuia anga, meno nje, mshipa wa shingo umetuna. Mtaimbo ulikata picha kwa mshazari kutoka kona hadi kona, na mwisho wake ulikuwa fuvu. Semeni aliweka fokasi pale chuma kilipokutana na mfupa, vingine vyote vikayeyuka. Hakukuwa na lango la maji nyuma yao tena, wala ndoo za foleni, wala mtu mwingine duniani. Hata yeye alimwogopa Jingu, ingawa kwa miaka mingi alimjua kuwa mchimba magadi mpole anayesalimia mpaka mbuzi.

"Hiyo," Kamanda akasema. "Hiyo ipeleke ukutani."

"Bado sijamaliza kutazama, Afande."

"Kuna nini cha kutazama? Mtu kamuua mtu."

Semeni alibonyeza kidole gumba kwenye mpini wa fremu, akarudisha wakati nyuma taratibu. Mtaimbo ulichomoka kichwani. Fuvu lilijifunga. Jingu alirudi hatua, na Hando akawa amepiga magoti, mkono mmoja umevunjika, mwingine ameuinua, kiganja wazi, anaomba. Semeni akarudisha tena. Hapo Hando hakuwa akimwomba mtu yeyote. Alikuwa amemkalia kifuani mwanamke mmoja anayeitwa Zaina, amemzungushia shingoni mpira wa maji, anaukaza kwa mikono miwili, na ulimi wa Zaina umetoka nje ukiwa mweusi. Pigo la kwanza la Jingu lilikuwa la mkono ule uliokaza. Bila pigo hilo Zaina angekuwa kaburini leo. La pili na la tatu yalikuwa ya kichwa, na yalikuja wakati Zaina ameshaponyoka na Hando ameshanyanyua kiganja.

Basi kulikuwa na picha mbili, na zote mbili za kweli. Katika moja Jingu ni mwokozi. Katika nyingine ni muuaji. Kati yake palikuwa na muda wa mtu kuvuta pumzi.

"Nimekuona unarudisha," Kamanda akasema. Alikuja akasimama katikati ya mwanga, buti zake ndani ya mwili wa Zaina. "Hiyo ya mpira ukiiweka ukutani, unajua kitakachotokea. Watu wa mji watavamia kambi yetu ya walinzi kabla jua halijainama. Kule kuna wake zetu, Bi Semeni. Kuna vitoto vinanyonya. Mwaka juzi walichoma nyumba ngapi?"

"Najua."

"Basi piga niliyokuambia, Jingu aende dimbwini, yaishe. Mmoja kwa mmoja."

Dimbwi alilolisema ni lile la magadi moto nyuma ya kiwanda. Aliyehukumiwa na ukuta hukabidhiwa walinzi, na walinzi humtumbukiza humo akiwa amefungwa. Ngozi hutangulia kutoka. Semeni alipata kulishuhudia mara moja, kwa kuwa picha ilikuwa yake na desturi inataka mpigaji awepo, na hakula nyama tena tangu siku ile.

"Utaiona picha saa sita," alimwambia Kamanda, "pamoja na watu wote. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kamanda akatoka. Upande wa pili wa ukuta mguno ulibadilika ukawa ukelele, na Semeni akajua kwamba sasa ni zamu ya Kamanda mwenyewe.

* * *

Unga ulipokuwa mpya, Baraza lilionyesha kila kitu. Watu walikaa uwanjani juma zima wakitazama mauaji yaleyale kutoka pande mia moja, wakabishana, wakagawanyika kwa ukoo na kwa mtaa, na ushahidi ulipokwisha maiti zilikuwa nyingi kuliko ile iliyowakutanisha. Ndipo ikapitishwa sheria: picha moja, iliyotulia, yenye fokasi moja, ukutani saa sita mchana. Watu wanabonyeza nyekundu ya hatia au nyeupe ya kuachiwa kwenye vifaa vyao vya mkononi, na rangi iliyoshinda inafunika ukuta. Shuleni watoto wanafundishwa kuisoma. Tafuta palipo wazi, maana hapo ndipo mpigaji alipoliona kosa. Penye ukungu usijisumbue. Watu wa Chumvini wanasoma picha upesi kuliko wanavyosoma barua, na wanajivunia jambo hilo kupita kiasi.

Semeni alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akawatazama watu wake wa mwanga. Alitaka mambo mawili tu. Alitaka Jingu awe hai kesho, na alitaka asife mtu mwingine. Kila fremu aliyoijaribu ilimpa moja ikamnyima jingine. Alisogea mbali, picha ikawa baridi, watu wadogo, kama ajali ya barabarani iliyomkuta mtu asiyemjua. Alisogea karibu, ikawa hasira. Alipanda ngazi akatazama kutoka juu, Hando akaonekana mtoto, na huruma yote ikamwendea yeye. Tukio lilikuwa lilelile. Yeye aliinama na kuinuka tu, na haki ilihama kila alipohama. Alishangaa kwamba hakuwahi kuliona hilo zamani.

Ukelele ulisikika tena. Kisha kimya kirefu.

Alisimama haraka, akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazama upande ambao hakuna mpigaji anayetazama. Aliitazama foleni.

Foleni ya maji baridi ilianzia langoni ikapinda hadi kwenye kona ya kiwanda. Chumvini, ukitoka kwenye foleni umepoteza maji ya siku nzima, na nafasi yako hairudi hata ukiwa na mimba ya kujifungua. Kila mtu anajua, na hakuna anayeona ni jambo la ajabu. Basi walisimama pale, ndoo mkononi, huku Zaina akinyongwa hatua chache mbele yao. Wengine walitazama chini. Mmoja alikuwa anasogeza ndoo yake kwa mguu, maana aliye mbele yake ameanguka kwa hofu na pengo limepatikana. Semeni aliwafahamu karibu wote. Walikuwa haohao watakaokuja ukutani kuhukumu.

Hasira ilimpanda. Ndiyo, akasema kwa sauti. Hawa.

Alipita mbele ya nyuso moja moja, akitafuta wa kuishika picha, kwa kuwa picha isiyo na uso mmoja wa kuishika ni picha ya umati tu, na umati haujawahi kumhusu mtu. Ndipo akamwona Boay, fundi pampu. Mguu wake mmoja ulikuwa umetoka nje ya mstari. Macho yalikuwa yamemtoka na mdomo alikuwa ameufungua wote. Semeni aliusogeza wakati mbele, nyuma, mbele, akausoma mdomo ule, maana unga hunasa mwanga peke yake, sauti hauijui. Mwache. Utamuua, mwache. Katika foleni nzima Boay ndiye aliyesema neno.

Semeni alimpenda kwa hilo. Akapiga magoti mbele yake.

Aliipanga picha kwa uangalifu kuliko yoyote aliyopata kuipiga. Kushoto, karibu kabisa, aliacha bega la Jingu na kipande cha mtaimbo uliokatwa na ukingo wa fremu, vyote ukungu. Hando na Zaina walikuwa vivuli viwili tu, huwezi kujua nani yuko juu ya nani. Kutoka kulia foleni iliingia ikielekea nyuma, ndoo kwa ndoo, na ilivuta jicho moja kwa moja hadi kwa Boay. Alijaribu kunyoosha fokasi ishike foleni yote, lakini kila alipoinyoosha Jingu naye aliibuka wazi, na mtaimbo wake. Akaibana. Jirani wa kulia wa Boay akafifia, wa kushoto akafifia. Wataona ni foleni, alijiambia. Watajiona. Watu watakaojiona wataona haya, na mtu mwenye haya hachomi nyumba wala hapeleki mwenzake dimbwini.

Alitafuta wakati ambapo mdomo umefunguka kuliko wote, katikati ya neno, meno ya juu na ya chini yameonekana. Alitazama kutoka chini ili Boay awe mkubwa. Akabonyeza.

* * *

Saa sita mchana uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye mapaa. Jua la magadi lilipiga chini likarudi juu, watu wamefunga vitambaa vipajini kukinga macho, wengi wamekuja na ndoo zao kwa kuwa foleni ilisimamishwa. Semeni alisimama kwenye roshani ya Baraza kando ya Kamanda Sulle. Miguuni mwao alikuwa Jingu, mikono imefungwa nyuma. Jicho moja lilikuwa limefumba na pumzi yake ilitoa sauti ya maji.

"Vumilia," Semeni alimnong'oneza. "Leo hutakwenda."

Picha ikafunguka ukutani, ndefu kama nyumba tatu.

Semeni aliwaona wakifanya walivyofundishwa. Vichwa viligeuka kushoto, vikakuta ukungu, vikauacha. Vikafuata ndoo kutoka kulia, vikafika kwa Boay, vikasimama. "Mtaimbo uko wapi?" Kamanda akauliza. "Umemweka wapi mdogo wangu?"

Chini uwanjani mama mmoja alikuwa ameshasema, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayewasomea wengine, "Anacheka."

"Nani?"

"Huyo hapo. Mtu ananyongwa, yeye anacheka mpaka jino la mwisho."

Semeni alitazama ukutani. Alikuwa ameishi na uso ule asubuhi nzima akiwa na neno lake kichwani, na kwa sababu ya neno hakuwa ameuona. Sasa aliuona. Uliondolewa sauti, ukakuzwa, ukatazamwa kutoka chini huku jua limemulika meno, na ulikuwa uso wa mtu anayefurahia. Nimefanya nini, alisema, na hakujua amelisema kwa sauti.

Na Boay, maskini, alikuwepo. Alikuwa katikati ya uwanja na ndoo yake, na alipojiona mkubwa namna ile aliona fahari kidogo, mtu wa watu. Aliinua mkono. "Ni mimi yule," aliwaambia waliomzunguka. "Jana mimi ndiye nili—"

Ndoo ya kwanza ilimpata mdomoni.

Semeni alipiga kelele. "Alikuwa anakataza! Alikuwa anasema mwache!" Lakini kutoka roshani ilikuwa sauti moja dhidi ya mji. Chini walikuwa wamemfunika. Ndoo za chuma zilipanda na kushuka, na mlio wake ulikuwa mkavu mwanzoni, baadaye ukawa wa kitu kilicholowa. Mtu alipita na jiwe la magadi kubwa kama kichwa, amelikumbatia kwa mikono miwili, watu wakampisha. Alikuwa yule wa foleni aliyesogeza ndoo kwa mguu. Semeni alimtambua. Mtu huyo alilitua jiwe, akaliokota, akalitua tena, na kila alipolitua wengine walirudi nyuma wasirukiwe. Mwanamke mmoja alikuwa amemkamata Boay miguu, analia huku anavuta, na haikujulikana anamwokoa au anamshikilia.

"Afande, watume vijana wako," Semeni akasema. Alimshika Kamanda koti. "Watume, nakuomba."

Kamanda alitazama chini bila haraka. Ukuta ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Waliobonyeza walikuwa wachache, na hao wachache hawakuona kosa la Jingu popote, kwa kuwa alikuwa ukungu.

"Kwa nini niwatume?" Kamanda akasema. "Wewe ndiye uliyewaonyesha pa kupiga. Mimi nilikuomba mmoja, na huyo alikuwa na kosa." Akatoa kisu kidogo, akainama, akakata kamba za Jingu kwa sababu sheria ilikuwa imesema. "Nenda. U mtu huru."

* * *

Jingu hakuelekea lango la kutokea. Alishuka ngazi akijishikilia ukutani, akaingia katikati ya watu kwa bega lake zima, akawasukuma kwa uzito tu maana nguvu hakuwa nazo. Ndoo mbili zilimpata mgongoni. Alifika, akajiangusha juu ya Boay, akamfunika. Jiwe lilikuwa juu, tayari kushuka. Mwenye jiwe akasita, kisha akaliweka pembeni polepole.

Hapo ndipo watu walipokumbuka kuta. Unga ulikuwa pande zote, unawaona wote, na kesho saa sita kifo hiki nacho kitatafutiwa picha. Wakaanza kujifunika. Wenye vitambaa walivishusha hadi kidevuni, wasio navyo waliingiza vichwa ndani ya ndoo, ndoo zilezile, damu ikawachirizikia shingoni, wakaondoka wakipapasa na kugongana. Uwanja ulikwisha watu kwa muda mfupi.

Semeni alifika mbio. Boay hakuwa na uso tena. Taya lilikuwa limekwenda upande, na meno yaliyomponza yalikuwa yametapakaa kwenye vumbi jeupe. Jingu alikuwa amejiviringisha akakaa, mkono wake kifuani kwa maiti, kama anayengoja kusikia kitu.

"Dada Semeni," akasema. Alilazimika kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Jana mimi nilikuwa napita zangu. Mtaimbo begani, natoka zamu. Nilikuwa nimewapa mgongo. Sikuona lolote."

"Jingu, usiseme. Utajiumiza."

"Nikasikia mtu anasema mwache. Utamuua, mwache. Nikageuka." Akaligusa bega la Boay. "Asingepiga kelele huyu, ningefika nyumbani nikala. Zaina angekufa. Niliwaambia walinzi kule mahabusu, mwiteni yule aliyepiga kelele, atasema. Wakanipiga."

Semeni alisimama. Jua lilikuwa utosini na hakuwa na kivuli.

"Wewe unaingiaga mle ndani," Jingu akasema. "Unawaona watu wakisema. Wewe ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Unga haunasi sauti, kila mtu mjini anajua, na Jingu angemwamini.

"Nilijua," akasema. "Niliusoma mdomo wake. Ndiyo maana nilimchagua."

Jingu alimtazama kwa lile jicho lililokuwa wazi, bila chuki, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kisha akavua shati lake lililoloa damu ya kipigo cha mahabusu, akalitandaza juu ya kichwa cha Boay, akabaki anatafuta namna ya kumnyanyua. Hakuweza peke yake. Mbavu zilikataa.

"Shika miguu," akamwambia. "Tumpeleke kwa mkewe. Wewe ndiye utakayemwambia."

Semeni akaishika miguu ya Boay. Ilikuwa bado na joto.